Siku Mkutano Ulipokwisha Mapema

Iko Ijumaa moja, mwanangu, ambayo nikiifikiria husikia tena joto la viti vya gari vilivyopigwa na jua, na sauti ya bibi mmoja wa Kijerumani akifunga mkanda huku akilalamika kwamba Mungu aliiumba Doha akiwa na homa. Nilikuwa na umri kama wako, labda pungufu kidogo. Tangu hapo nimezunguka sana. Nimefanya kazi Dubai, nikaenda Muscat, nikarudi Nakuru nikidhani nimerudi kabisa, nikashindwa kutulia, nikaja tena hapa. Nimelala vyumba vingi na kusahau majina ya wengi niliokaa nao chumba kimoja, lakini Ijumaa ile hainitoki. Jana mliponiuliza lile swali pale tukinywa karak, ile chai ya maziwa na iliki, ilinirudia yote.

Mlikuwa mmetoka zamu, bado mna sare za ulinzi, mmebanana kwenye kivuli cha duka hapa Muaither mkitazama habari za nyumbani kwenye simu. Mmoja wenu akasema, "Kura haishibishi mtu. Tupate jamaa mmoja tu mwenye roho ngumu, apewe miaka kumi anyooshe hii nchi, halafu ndio tuongee mambo ya uchaguzi." Wenzake wakacheka, wakasema apewe hata ishirini. Wewe ukanigeukia: "Mzee, si ni ukweli?" Nikakwambia nitajibu nikishapumzika. (Mnaniita mzee na sijafika hamsini, lakini sikatai. Hapa Ghuba mtu huzeeka kwa mikataba, si kwa miaka.) Sasa nimepumzika. Vuta kiti.

Siku hizo nilikuwa dereva wa nyumbani kwa mhandisi mmoja wa Kijerumani. Lusail unayoiona leo na maghorofa yake ilikuwa mchanga na mabango tu, na tajiri wangu alikuwa miongoni mwa waliokuja kuupima mchanga huo. Kila kipupwe mama yake alikuja kumtembelea, akikimbia baridi ya kwao. Alikuwa amepita miaka themanini, mwembamba, mgongo umenyooka. Siku ya kwanza nilimfungulia mlango wa nyuma kama inavyofanywa hapa. Akanipita, akafungua wa mbele mwenyewe, akakaa. "Nyuma wanakaa wagonjwa na mawaziri," akasema. Akaniuliza kwetu bibi mzee anaitwaje, nikamwambia, na kuanzia hapo akawa Shosho, na akawa anakasirika nikisahau na kumwita madamu.

Ijumaa mchana nilikuwa huru, nami nilikuwa mwanakwaya. Wewe unajua kwamba hapa hata Wakristo husali Ijumaa, kwa sababu ndiyo siku ambayo waajiri hutuachia. Kwaya yetu ilikuwa ya Wakenya na Waganda mchanganyiko: walinzi, wahudumu wa hoteli, manesi, madereva, mayaya. Tulikutana mtaa wa Abu Hamour, sebuleni kwa nesi mmoja tuliyemwita Mama Shiru, ambaye mumewe alihamishia makochi barazani ili tupate pa kusimama.

Mwalimu wetu wa kwaya aliitwa Tito. Nisikilize vizuri juu ya huyu Tito, maana hadithi hizi mkizisikia huwa mnatafuta shetani, na hapa hakuna shetani. Alikuwa mtu mzuri. Alikuwa msimamizi wa walinzi katika hoteli, alivaa viatu vinavyong'aa, na masikio yake yangeweza kumtambua mtu mmoja aliyekosea sauti katikati ya kwaya nzima. Mtu akiugua, Tito alikuwa wa kwanza hospitalini. Hata kazi yangu ya udereva yeye ndiye aliyenitafutia. Nilimpenda kama kaka.

Tatizo letu lilikuwa kamati. Kila mwaka tulichagua mwenyekiti, katibu, mweka hazina na wajumbe, na wote hao walijua kusema kuliko kuimba. Tulibishana Ijumaa baada ya Ijumaa kuhusu rangi ya vitenge. Tulibishana kama nyimbo za Kiganda ziwe nyingi au chache. Krismasi iliyotangulia tulisimama mbele ya kwaya za Wafilipino na Wahindi waliojipanga kama malaika, na katikati ya wimbo soprano wakaenda ubeti wa pili, besi wakarudia wa kwanza. Mtoto mmoja wa Kihindi alicheka kwa sauti. Aibu ile tuliibeba mwaka mzima.

Basi likaja pendekezo. Kamati ivunjwe hadi Krismasi. Tito aamue yote peke yake: nyimbo, sare, nani aimbe na nani atoke. Kusingekuwa na kukata rufaa wala vikao. Hadi Krismasi tu, halafu turudi kwenye uchaguzi. Nani angekataa? Mimi mwenyewe niliombwa nisimame kuunga mkono hoja hiyo, na nilijisikia mtu mkubwa kweli.

Alikuwapo pia Namubiru. Mganda, yaya katika nyumba moja huku huku Muaither, mwenye sauti ya pili iliyokuwa nzito na tamu. Namubiru alichelewa kila Ijumaa. Hakuweza kutoka kabla watoto wa tajiri wake hawajala, na baada ya hapo alingoja dereva wa nyumba apate nafasi ya kumleta. Bosi wake wa kike alimruhusu kutoka kwa sababu moja tu, kwamba kuna kwaya ya kanisa na watu wanamtegemea. Bila kwaya, Ijumaa yake ingekuwa jikoni kama siku nyingine zote. Tulilijua jambo hilo sote. Tito alilijua pia, lakini kuchelewa kulimkera kama jiwe ndani ya kiatu, na alikwisha kusema, "Mwenye kuchelewa amejitoa mwenyewe."

Sasa Ijumaa ile Shosho aliomba nimpeleke kwa rafiki yake aliyekaa Abu Hamour anywe kahawa, njia moja na kwaya. Nilikuwa ninapiga mluzi.

"Una furaha," akaniambia. "Umepata mke?"

"Afadhali ya mke, Shosho. Leo tunamaliza mikutano."

Nikamweleza yote, nikijigamba. Aliniuliza maswali mawili matatu, kisha tulipopita mzunguko akanyoosha kidole pembeni. "Egesha gari," akasema. Nilidhani anaumwa. Nikaegesha mbele ya duka la vipuri, nikaacha injini inaunguruma kwa ajili ya AC. Akaanza kuzungumza akitazama mbele, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa kwenye kioo.

Alisema baba yake alikuwa karani wa reli katika mji mdogo, na Alhamisi jioni alikwenda kuimba. Kwao kila mji ulikuwa na kwaya ya wanaume, yenye katiba yake na uchaguzi wake, na walibishana kama sisi. Baba alirudi usiku amekauka koo kwa kubishana zaidi ya kuimba, na mama yake Shosho alinung'unika kwamba chakula kimepoa.

Huko nje nchi nayo ilikuwa inabishana. Walikuwa wameshindwa katika ile vita kuu ya kwanza, mfalme wao akakimbia, wakajiandikia katiba mpya. Ilikuwa katiba nzuri, Shosho alisema, hata wanawake walipiga kura. Lakini watu wengi hawakuipenda tangu mwanzo, kwa kuwa ilizaliwa siku ya msiba. Pesa zikapoteza thamani mpaka watu wakabeba noti kwa kikapu kwenda kununua mkate. Zikaja nafuu kidogo, kisha kazi zikatoweka, wanaume wazima wakawa wanakaa kwenye ngazi za nyumba zao mchana kutwa. Vijana wa vyama walipigana mitaani. Serikali zilianguka moja baada ya nyingine, na wananchi waliitwa kupiga kura mara nyingi hata wakachoka kuinua kalamu. Bunge likawa haliwezi kukubaliana, kwa hiyo rais wao, mzee sana, akawa anatawala kwa amri za dharura. Amri moja, halafu nyingine. Watu wakazoea. Yule mtu mwenye kelele, dikteta wao mnayemsoma shuleni, alipokuja, Shosho alisema, mlango ulikuwa umeachwa wazi siku nyingi.

"Na hakuuvunja," akaniambia. "Alikaribishwa. Wakubwa waliojiona werevu walimshauri rais ampe ukansela, yaani uongozi wa serikali. Walisema watamzunguka kila upande, hataweza kutikisika."

Haukupita muda jengo la bunge likateketea kwa moto. Kesho yake rais akatia sahihi: haki ya kusema, ya kuandika, ya kukutana, ya kutofungwa bila kosa, zote zikasitishwa. Kwa muda tu. Muda huo, alisema, uliendelea mpaka nchi nzima ikawa vifusi. Kisha wabunge wenyewe wakaitwa kupiga kura ya kumpa yule mtu na serikali yake uwezo wa kutunga sheria bila bunge. Walipita katikati ya watu wenye sare waliokuwa wakiwapigia kelele. Chama kimoja tu ndicho kilichokataa. Chama kingine wabunge wake walikuwa wamekwisha kufungwa au kujificha. Waliobaki wakakubali, kila mmoja na sababu yake nzuri.

Nikamwambia, "Lakini Shosho, hayo ni mambo ya serikali. Sisi ni kwaya."

"Ninafika kwenye kwaya," akasema.

Baada ya bunge, zamu ikaja ya vikundi vidogo. Vya mpira, vya mazoezi, hata vya wafugaji wa njiwa. Agizo lilikuwa kwamba kila kikundi kiache kamati kiwe na kiongozi mmoja, naye ateue wengine. Na Wayahudi watoke. Katika kwaya ya baba yake alikuwapo Myahudi mmoja, fundi wa nguo, mwimbaji wa besi. Ndiye aliyeshona bendera ya kwaya. Aliimba kwenye harusi ya baba na mama.

"Alhamisi hiyo," Shosho akasema, "baba alirudi mapema. Supu ilikuwa bado jikoni. Mama alifurahi sana. Akamuuliza, mbona leo mmewahi? Baba akasema, leo hatukubishana. Tumepiga kura, wote tumeinua mikono, tumekwisha. Mimi nilikuwa mtoto, nikamuuliza: na yule fundi? Baba akavua koti. Akasema, ameelewa mwenyewe."

Akanigeukia. Macho yake yalikuwa makavu.

"Hapakuwa na polisi chumbani, unaelewa? Hapakuwa na bunduki. Walikuwa wanaume wenye njaa ya kwenda nyumbani mapema. Yule fundi hakufukuzwa, alikaa kwake ili asiwasumbue marafiki zake. Na miaka michache baadaye alipochukuliwa yeye na mkewe, nani angeuliza? Walikuwa wamekwisha kuzoea kwamba hayupo. Nyumba yao ilipewa watu wengine. Waliacha mapazia yaleyale."

Nilitaka kusema pole, lakini hakunipa nafasi.

"Wewe ni dereva. Breki zikianza kukupigia kelele, huwa unazing'oa?"

"Hapana, Shosho. Ninapeleka gereji."

"Basi niambie. Katika kwaya yenu, nani ataelewa mwenyewe?"

Sikuhitaji kufikiri. Jina lilikuwa tayari mdomoni, na lilikuwa zito. Nikatia gia, nikampeleka kwenye kahawa yake, naye alipokuwa anashuka akanigonga begani kwa kidole, kama anavyogongwa mtoto aliyesinzia darasani.

Nilifika kwa Mama Shiru nikakuta sebule imejaa. Tito alikuwa amesimama karibu na jokofu, viatu vyake vinang'aa.

"Ndugu zangu," akasema, "mimi siombi cheo. Cheo ni mzigo. Ninaomba tu mniache nifanye kazi."

"Mwalimu, wewe chukua hata funguo za mbinguni," akadakia Kevo, mhudumu wa hoteli ambaye hakuweza kukaa bila kuchekesha, "bora tumalize, pilau inanukia huko nyuma."

Watu wakaangua kicheko. Mama Shiru alikuwa ameinua mkono hata kabla ya kuombwa. Tito akanitazama kwa tabasamu: "Haya, kijana wetu aunge mkono, tupige kura."

Nikasimama. Nikasema, "Nina swali kwanza. Mwalimu akimtoa mtu kwa makosa, mtu huyo atakwenda kwa nani?"

Kevo akasema taratibu, "Eh, huyu naye ameanza."

"Huniamini?" Tito akaniuliza. Hakuwa na hasira bado, alikuwa ameumia. "Mimi? Nani alikutafutia kazi?"

"Ni wewe, Mwalimu. Na nakuamini. Lakini swali si juu yako, ni juu ya nafasi tunayokupa. Leo umeikalia wewe. Kesho akiikalia mwingine?"

"Ni hadi Krismasi tu, bwana!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma. "Wewe una kesi gani?"

Hapo mlango ukafunguka. Namubiru akaingia, ushungi umeteleza, jasho usoni, ana alama ya uji wa mtoto kwenye bega. "Banange, jamani, nisameheni. Leo mtoto amekataa kula kabisa, mpaka nimemwimbia nyimbo zote za kwaya."

"Huyu sasa ndiye wa kwanza kwenda," Kevo akasema. Alisema kwa utani, kama kawaida yake, na wawili watatu wakaanza kucheka.

Namubiru naye akatabasamu, akimtazama mmoja mmoja. "Kwenda wapi?"

Alingoja na lile tabasamu, maana alidhani ni mzaha atakaoelezwa. "Kwenda wapi, jamani?"

"Haya mwambieni basi," akasema Mama Shiru. Mkono wake ulikuwa umeshuka, sijui saa ngapi. "Mbona mmenyamaza? Mwambieni."

Kevo alitazama sakafu. Nakwambia mwanangu, kila mmoja wetu angeweza kuinua mkono kuunga kanuni dhidi ya wachelewaji, lakini kumwambia Namubiru usoni, na uji ule begani, hakupatikana mtu. Kura ilipopigwa hoja ikaanguka.

Sasa hapa ndipo watu hutaka nimalizie kwa ushindi, nami sitakudanganya. Tito aliondoka siku hiyohiyo na akaenda na waimbaji wetu bora. Wakaanzisha kwaya yao, bila kamati, na Krismasi ile waliimba vizuri mno. Sisi tuliimba kabla yao, na tulipotea tena, ingawa mara hii tulipotea pamoja. Nilisimama nikawasikiliza akina Tito na moyo ukaniuma kwa wivu. Sikusikia baadaye kwamba kwaya yake ilianguka au kwamba alijuta. Shosho aliniambia hata kwao ilikuwa hivyo mwanzoni: kazi zilipatikana, mitaa ikawa safi, watu wakaimba. Bei ilidaiwa kwanza kwa wale waliokwisha kutolewa chumbani, kwa hiyo waliobaki hawakuiona mpaka ilipowafikia.

Na Namubiru? Aliimba. Ijumaa ile alirudi Muaither akiwa bado mwanakwaya, na Ijumaa zilizofuata alikuja, amechelewa, mpaka mkataba wake ukaisha akarudi kwao Masaka. Sidhani alijua hata siku moja jinsi Ijumaa yake ilivyoning'inia. Mimi na Tito tulisalimiana kwa miaka, kwa heshima, bila yale mapenzi ya zamani. Hiyo nayo ni gharama, na niliilipa.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la jana ni hili. Kura haishibishi, ni kweli. Kazi yake ni kukuwezesha kumwondoa aliyekunyima chakula, bila kumwaga damu. Ukiitoa ili upate mtu wa kunyoosha nchi, huna tena njia ya kumwambia basi, inatosha. Uchovu wako ninaujua. Ninaona wanasiasa wetu, ninaona wizi, nami hulala na hasira kama wewe. Lakini uchovu ndio unaotafutwa na kila mtu anayetaka kupewa yote, kwa sababu mtu aliyechoka hasomi anachokubali. Ukiambiwa "kwa muda tu", uliza nani atasema muda umekwisha. Ukiambiwa kuna watu wanaotuchelewesha, uliza majina yao, kisha uende ukakae na mmoja wao ule naye. Na usingoje mambo makubwa ya taifa ndipo ujifunze kuuliza. Anza chumbani kwenu, kwenye kikundi chenu, kanisani au msikitini, ukiwa bado unaweza kuuliza kwa sauti inayotetemeka na jambo baya kuliko yote likawa ni kupoteza rafiki.

Haya, nenda ukalale, una zamu alfajiri. Mungu akupe miguu ya kusimama mpaka zamu iishe. Akuhifadhie mama yako hai mpaka umkumbatie. Na siku utakapofunga begi kurudi kwetu moja kwa moja, akufikishe katika nchi ambayo watu wake wanabishana kwa sauti kubwa, halafu kila mtu anakwenda nyumbani kwake salama. Amina.